Diwani, kundi la watu 1,024 na bomba lililopasuka

"Nilichaguliwa kuwa diwani mwaka jana. Nina ukurasa wa Facebook wenye wafuasi karibu elfu sita, na kundi la WhatsApp la kata ambalo limejaa, watu 1,024. Kila siku naweka picha za ziara na vikao, lakini naonyeshwa kwamba walioona ni mia mbili au mia tatu tu. Kule kundini asubuhi ni salamu na matangazo ya biashara, jioni ni matusi. Mtu akiandika kwamba bomba limepasuka, ujumbe wake unafunikwa ndani ya dakika kumi. Msaidizi wangu anashauri tufunge maoni, tuwaondoe wachochezi watano tunaowajua, halafu tulipie matangazo ili tufikie watu wengi. Tena yupo mtu anaandika kila siku kwamba nimekula fedha za mtaro ulioachwa nusu, wakati mtaro ule ni wa wakala wa barabara, si wa halmashauri. Nifanyeje?"

Mheshimiwa, ukiyakusanya yote uliyoandika, hofu yako ni moja: unasema sana na husikiki, na wanaosikika ni wanaokutukana. Ushauri wa msaidizi wako una sehemu iliyo sawa, nitaifikia. Lakini matusi na uchache wa watazamaji ni dalili tu. Kinachowachosha wakazi ni kwamba swali likishaingia kwako halionekani limeishia wapi. Aliyeripoti bomba hajui kama umeona, hajui umelipeleka kwa nani, na wenzake wote kundini hawajui pia. Kesho yake watauliza tena, safari hii kwa ukali.

Tuanze na Facebook, kwa sababu hapo pana dhana potofu inayokugharimu. Mfuasi ni mtu aliyewahi kubonyeza kitufe, basi. Kinachomfikia kila anapofungua simu hupangwa na mfumo unaokisia chapisho lipi litamfanya asimame, aandike, au amtumie mwenzake. Januari 2018 kampuni hiyo ilitangaza kwamba itatanguliza machapisho ya ndugu na marafiki, pamoja na yale yanayozua mazungumzo baina ya watu, na kwamba kurasa za taasisi na biashara zitaonekana kidogo kuliko zamani. Sasa angalia picha yako ya kikao: watu wanane wamekaa mezani, maelezo yanasema "Leo nimeshiriki kikao muhimu cha maendeleo". Mkazi hana la kuuliza wala la kumtumia jirani. Anapita, mfumo unaona amepita, na chapisho linalofuata linaonyeshwa kwa wachache zaidi.

Mfumo huo huo ndio unaobeba matusi. Maoni ya hasira huhesabiwa kuwa mazungumzo, na jibu lako la hasira huhesabiwa pia. Mkibishana mara kumi chini ya chapisho moja, mmelisukuma mbele ya watu ambao hawakujua habari za mtaro kabisa.

Dawa ya hapo ni ndogo kuliko unavyodhani. Punguza machapisho yawe matatu au manne kwa wiki, na kila moja libebe jambo ambalo mkazi anaweza kulitumia: mtaa gani, nini kinatokea, kuanzia lini hadi lini, na nani aulizwe. Jina la mtaa na tarehe vikae kwenye mstari wa kwanza, maana mistari ya chini hufichwa mpaka mtu abonyeze kuendelea, na wengi hawabonyezi. Badala ya "nimeshiriki kikao muhimu", andika kikao kimeamua nini na mwenyewe ulipiga kura upande gani. Hilo la pili huwashinda wengi kwa woga, nami nadhani ndilo lenye thamani kuliko yote, kwa kuwa hakuna mtu mwingine atakayewaambia wakazi jinsi diwani wao alivyopiga kura.

Kwenye WhatsApp shida ni ya namna nyingine. Kule hakuna mfumo unaochagua. Ujumbe hupangwa kwa saa ulioingia, na wa mwisho hukaa chini. Kundi lako limefika kikomo cha watu 1,024. Kila mmoja akiandika mara moja tu kwa wiki, hizo ni jumbe kama 146 kwa siku. Hakuna ustaarabu wala onyo la msimamizi litakalofanya taarifa ya bomba ionekane humo. Halafu kuna jambo ambalo madiwani wengi hawalifikirii: kundini kila mwanachama anaona namba ya kila mwenzake. Mama anayetaka kuripoti kwamba jirani anamwaga maji machafu njiani hataandika, kwa sababu jirani yumo. Wanaobaki kuandika ni wasio na cha kupoteza, nawe unaanza kuamini kwamba hao ndio kata.

Kwa hiyo kundi moja linabeba kazi mbili zisizoelewana: kutangaza na kupokea. Zitenganishe.

Kutangaza kunahitaji mahali ambapo ni ninyi tu mnaoandika. Njia rahisi ni kubadilisha mpangilio wa kundi ili wasimamizi pekee waweze kutuma. Nyingine ni Chaneli ya WhatsApp, iliyoanza kuenea duniani mwaka 2023: haina kikomo cha 1,024, wafuasi hawaonani namba, wanaweza kuweka alama za hisia lakini hawawezi kuandika. Kuna pia orodha ya kutuma kwa wengi, yenye hadi watu 256, ila ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Watu hutuma kwa miezi bila kulijua hilo, wakidhani wanapuuzwa. Mimi ningechagua Chaneli kwa matangazo ya kata nzima. Udhaifu wake ni kwamba jumbe za Chaneli hukaa sehemu yake, mbali na mazungumzo ya kawaida, na mtu asipowasha arifa anaweza kukaa wiki bila kuziona. Ndiyo maana kundi la zamani usilivunje siku ya kwanza.

Ukitangaza, kumbuka ujumbe wako utasambazwa. WhatsApp huruhusu ujumbe kupelekwa kwenye mazungumzo matano kwa mkupuo, na ule uliokwisha kusambazwa mara nyingi hupelekwa kwenye moja tu kwa mara moja. Unaposambazwa, unabeba saa ya aliyeusambaza. Saa uliyoandika wewe haionekani. Hapo ndipo "maji yatakatika kesho" huzunguka mwezi mzima na kila wiki kuwatia watu hofu upya. Usiandike kesho, leo wala wiki hii. Andika siku, tarehe, mwezi na mwaka, taja mtaa kwa jina lake kamili, na umalizie kwa cheo chako na mahali ambapo taarifa yenyewe inaweza kuhakikiwa. Mistari sita inatosha.

Epuka kutuma barua yenye muhuri ikiwa picha pekee. Picha hubanwa mpaka herufi zinafifia, asiyeona vizuri hawezi kusomewa na simu yake, na mtu hawezi kuitafuta kwa neno baadaye. Juu ya hayo, muhuri ni kitu rahisi sana kughushi kwenye picha. Weka maandishi kwanza, barua ifuate. Ujumbe wa sauti wa dakika moja huwasaidia wasiosoma kwa urahisi, lakini usiwe wa dakika saba, na usiwe mahali pekee ilipo tarehe.

Kupokea ndiko kwenye kazi kubwa. Tenga namba moja ya ofisi, tofauti na simu yako ya nyumbani, na uiweke kwenye WhatsApp Business. Ni programu ya bure, inakuruhusu kuweka jibu la kwanza linalojituma lenyewe, kuhifadhi majibu ya mara kwa mara na kuweka lebo kwenye mazungumzo. Jibu la kwanza liombe mambo manne tu: mahali (mtaa na alama iliyo karibu), tatizo ni nini, limeanza lini, na picha kama ipo. Usiombe kitambulisho. Ukiomba zaidi ya hayo manne, wengi wataishia njiani.

Kila taarifa iingie kwenye daftari. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha, hata kitabu cha mistari kinafaa kama kinajazwa kila siku. Safu zake ni hizi: namba ya taarifa, tarehe iliyoingia, mahali, tatizo, ofisi inayohusika, tarehe uliyoipeleka, jibu lililotoka, tarehe ya kufungwa. Mkazi apewe namba yake, tuseme M-014, ndani ya siku moja ya kazi. Bila namba, taarifa tano za bomba moja zitakuwa mambo matano, na lile la sita, ambalo ni bomba jingine, litachukuliwa kuwa ni lile lile.

Sentensi ninayoomba uifute kabisa kwenye simu ya ofisi ni "tunalifanyia kazi". Haina tarehe, haimtaji mtu, na mkazi ameshaisikia mara nyingi. Linganisha na hii: "M-014, bomba la karibu na shule. Tumelipeleka mamlaka ya maji Jumatano tarehe 10. Hadi leo Ijumaa tarehe 12 hatujajibiwa. Nitauliza tena Jumatatu tarehe 15 na kukuandikia siku hiyo hiyo, wakijibu wasijibu." Bomba bado linavuja, lakini mtu huyu hana sababu ya kwenda kutukana kundini, kwa sababu anajua Jumatatu atasikia neno. Tatizo linakuja Jumatatu ikipita kimya: hapo umepoteza zaidi ya ulivyokuwa ukipoteza kwa kutojibu. Usiahidi siku ambayo hujaiandika kwenye kalenda.

Mara moja kwa wiki, siku ile ile, weka muhtasari wa daftari kwenye Chaneli na Facebook, bila majina wala namba za simu za walioripoti. Ngapi zimeingia, ngapi zimefungwa, na zipi zimekwama na ziko ofisi gani. Hizo zilizokwama zina faida kuliko zilizofungwa. Ofisi husika huona kwamba jambo lina tarehe na lina macho ya watu, na wakazi hujifunza, taratibu, kipi ni cha halmashauri na kipi si chake. Tahadhari moja: wapigie kwanza wakuu wa ofisi hizo uwaeleze utakachofanya. Akiisoma Facebook kabla hujamwambia, mhandisi atalichukulia kuwa umemshambulia, na bomba lako litasubiri zaidi.

Sasa wale watano. Hapa nakusihi usimame kwanza. Ukurasa unaotumia cheo chako, unaotangaza shughuli za halmashauri na kupokea malalamiko ya wakazi, katika nchi nyingi haubaki kuwa mali yako binafsi kwa sababu tu uliufungua mwenyewe. Marekani mambo haya yamefika mbali. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa ilimkuta na kosa Phyllis Randall, mwenyekiti wa baraza la Loudoun County huko Virginia, aliyemzuia mkazi mkosoaji kwenye ukurasa wake wa Facebook kwa muda wa saa kama kumi na mbili tu. Tarehe 15 Machi 2024 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Lindke dhidi ya Freed, ambapo Freed, meneja wa mji wa Port Huron, Michigan, alimzuia Lindke kwenye ukurasa wake, iliweka vipimo viwili: je, mtumishi huyo alikuwa na mamlaka halisi ya kuisemea serikali, na je, alipochapisha alikuwa anatumia mamlaka hayo? Freed alichanganya picha za familia na taarifa za mji kwenye ukurasa mmoja, na mchanganyiko huo ndio uliofanya kesi iwe ngumu. Mahakama iligusia pia kwamba kumzuia mtu kwenye ukurasa mzima ni tendo pana kuliko kufuta neno lake moja, kwa kuwa humfungia hata pale ambapo ana haki ya kusema.

Sheria za kwako zinaweza kuwa tofauti, na hilo mwanasheria wa halmashauri ndiye wa kukuambia. Lakini hata bila mahakama, hesabu haikusaidii. Ukiwaondoa watano, siku hiyo hiyo wana kundi lao, lina jina linalofanana na lako, na picha ya ujumbe wa "umeondolewa" ndiyo bendera yao. Ukifunga maoni, mazungumzo yanahamia usipokuwepo, na chapisho lako linaonekana na wachache zaidi.

Sehemu iliyo sawa ya ushauri wa msaidizi wako ni kwamba matusi hayastahili kuachwa yatawale. Andika kanuni fupi, zibandike juu ya ukurasa na kwenye maelezo ya kundi: vitafutwa vitisho, matusi ya mwili, kabila, dini au jinsia, namba za simu na anwani za watu binafsi, na biashara. Hautafutwa ukosoaji, hata wa kuudhi, hata usio wa haki. Kabla ya kufuta chochote piga picha ya skrini na uandike tarehe na kanuni iliyovunjwa. Facebook inakuruhusu kuzuia maneno fulani yasionekane kwenye maoni. Tumia kwa maneno machafu, kamwe usiweke neno "mtaro". Ujue pia kwamba maoni uliyoyaficha bado huonekana kwa aliyeyaandika na marafiki zake, kwa hiyo si siri kama inavyodhaniwa. Anayerudia, aonywe kwa maandishi kwanza. Na kanuni hiyo iwaangukie wafuasi wako vilevile. Mara nyingi matusi mabaya kuliko yote huandikwa na wanaokutetea.

Kuhusu tuhuma za mtaro, jibu mara moja, jibu kamili, kisha liache. Usianze kwa kurudia tuhuma, kwa sababu anayepita haraka atabaki na maneno "amekula fedha". Anza na jambo lenyewe: mtaro wa barabara fulani unajengwa na wakala wa barabara, mkandarasi ni fulani, mkataba ulianza tarehe fulani na kusimama tarehe fulani kwa sababu waliyoitoa wao. Halafu wewe umefanya nini: barua ya tarehe ngapi, imejibiwa au haijajibiwa. Weka hati zinazoruhusiwa kutolewa. Malizia kwa kueleza mkazi anaweza kuuliza wapi mwenyewe. Kusema tu "si kazi yangu" ni kweli kisheria na ni sumu kisiasa, maana mvua ikinyesha maji yanaingia nyumba ya mpiga kura wako, si ya wakala. Mtu akirudia, mpe kiungo cha jibu lile lile bila nyongeza. Rudi kuandika upya pale tu kuna jipya. Kama ndani ya tuhuma kuna chembe ya kweli, mathalani uliahidi jukwaani kwamba mtaro utakamilika mwezi fulani, iseme mwenyewe kabla hawajaileta video.

Matangazo ya kulipia yana mahali pake. Yanaweza kulenga watu walio eneo lako hata kama hawakufuati, kwa hiyo yanafaa kwa mkutano wa hadhara, chanjo, au tarehe ya mwisho ya kuwasilisha maoni ya bajeti. Kulipia picha yako ya ziara ni kununua macho ya watu waliokwisha kukupita mara moja. Facebook hutaka matangazo ya kisiasa yathibitishwe na kuonyesha nani amelipa, na huyahifadhi hadharani kwa miaka saba. Mwandishi wa habari yeyote anaweza kuyaona. Fedha ya umma isilipie ukurasa wenye jina na sura yako. Kama tangazo ni la halmashauri, lipiwe kwenye ukurasa wa halmashauri, nawe ulisambaze.

Yako mambo ya ulinzi ambayo huachwa mpaka siku ya msiba. Ukurasa uwe na wasimamizi wasiopungua wawili, kila mmoja aingie kwa akaunti yake. Nenosiri moja la kugawana ndilo huondoka na msaidizi aliyekorofishana nawe. Washa uthibitisho wa hatua mbili (namba ya siri ya ziada juu ya nenosiri) kila mahali. Ujumbe unaosema ukurasa wako utafungwa usipobonyeza kiungo ni wa matapeli, kila mara. Na kwa kuwa watu watafungua akaunti kwa jina lako kuomba pesa, tangaza mapema, na urudie, kwamba ofisi yako haiombi fedha kwa ujumbe na kwamba namba ya ofisi ni hiyo moja.

Picha za wanaopokea msaada, wagonjwa na watoto: acha. Sheria za kulinda taarifa binafsi zipo: ile ya sasa ya Umoja wa Ulaya inatumika tangu Mei 2018, Kenya ilipitisha yake 2019 na Tanzania 2022. Na hata pasipo sheria, mtu aliyepigwa picha akipokea gunia hatakuja tena kukueleza shida yake.

Yapo pia yasiyotatuliwa kwa simu. Vitisho vya kuua au kudhuru vipeleke polisi vikiwa na picha ya skrini, kiungo, tarehe na saa, usivifute kwanza. Ukitaka kushtaki kwa kuchafuliwa jina, muone mwanasheria kabla ya kuandika hata neno moja, kwa kuwa vitisho vya kesi kwenye maoni humgeuza mkosoaji kuwa shujaa. Mkazi akikuandikia kuhusu ukatili wa nyumbani au mtoto aliyedhurika, usiombe maelezo kwenye ujumbe: simu yake inaweza kuwa inasomwa na anayemuumiza. Mpe mahali na saa ya kuonana, au umuunganishe moja kwa moja na afisa ustawi wa jamii.

Usipime kata kwa maoni pia. Chukua chapisho lenye maoni mia, hesabu majina tofauti. Usishangae yakiwa kumi na tano. Wazee, wasio na simu janja na wanaorudi kazini usiku hawamo humo kabisa, hivyo yale ya Chaneli yabandikwe kwenye ubao wa matangazo na yasomwe kwenye mikutano ya mtaa, na taarifa zinazotolewa kwa mdomo ziingie daftari lile lile kwa namba zile zile.

Kundi la zamani libadilishe kwa utaratibu. Tangaza wiki mbili kabla, ukitaja tarehe, kwamba litakuwa la matangazo tu, na utoe kiungo cha Chaneli na namba ya ofisi. Kabla ya tarehe hiyo pitia jumbe za siku thelathini zilizopita, chota kila taarifa iliyofunikwa, iandike kwenye daftari na umjibu aliyeituma faraghani akiwa na namba yake. Anza na bomba.